Dawa ya Esta na Friji ya Barafu

Kila asubuhi Esta alichemsha maji mara mbili. Kwanza alichemsha maji ya chai. Kisha alichemsha maji mengine kwenye sufuria ndogo, na ndani yake alitia bomba la sindano.

Esta alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alisoma darasa la sita. Alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Mwili wake haukutengeneza insulini, na bila insulini chakula hakigeuki kuwa nguvu. Sukari hujaa tu kwenye damu na kumdhuru mtu. Kwa hiyo Esta alijichoma sindano ya insulini kila siku. Aliipangusa ngozi ya paja kwa pamba yenye spiriti, akachoma, akahesabu kidogo, akachomoa. Alikuwa amezoea.

Familia yake iliishi Kigera, Musoma, karibu na ziwa. Baba yake, Renatus, alikuwa fundi wa mitumbwi. Mama yake, Hyasinta, aliuza maandazi karibu na shule. Chupa ya dawa waliiweka kwenye chungu kidogo. Chungu kile kilikaa ndani ya karai la mchanga uliolowa, mahali penye kivuli. Hawakuwa na njia nyingine. Hata hivyo Esta alikuwa mzima. Alicheza netiboli na alirusha mpira mbali kuliko wenzake wote.

Huo ulikuwa mwaka 1989. Maduka ya Iringo, katikati ya mji, yalikuwa yameanza kujaa tena. Sabuni ilionekana. Redio zilionekana. Lakini insulini ilikuwa bado ya shida, na mara nyingine Renatus alipanda basi kwenda kuitafuta Mwanza. Chupa moja ilitunzwa kama yai.

Siku moja mfanyabiashara wa samaki aina ya sangara alitaka mtumbwi mkubwa. Renatus alimjengea. Badala ya fedha, mtu yule alimpa friji. Ilikuwa imetumika ng'ambo, ikaletwa kwa lori kupitia mpaka wa Sirari. Ilikuwa nyeupe, yenye mlango mmoja na kutu kidogo kwenye kona. Ndani, juu kabisa, kulikuwa na kisanduku cha kugandishia. Watu walikiita friza.

Majirani walikuja kuitazama. Esta aliweka mkono ndani, akautoa, akauweka tena.

"Baba, baridi hii inatoka wapi?" aliuliza.

"Inatoka kwenye umeme," Renatus akajibu.

"Lakini pasi nayo inatumia umeme. Mbona pasi ni ya moto?"

Renatus akacheka. "Mwanangu, mimi ni fundi wa mbao. Hayo muulize fundi wa umeme."

Hyasinta alifurahi kuliko wote. "Sasa dawa ya mtoto itakaa kwa heshima," alisema. Akaitoa chupa kwenye chungu. Akaiweka rafu ya juu, chini ya friza tu, kwa sababu hapo ndipo baridi ilipozidi.

Friji waliisukuma kwenye kona mpaka ikagusa ukuta. Hyasinta aliifunika kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Kitambaa kilikuwa kirefu, kikaning'inia mpaka nyuma.

Baada ya wiki chache Hyasinta alipata wazo. Alichanganya maji ya ukwaju na sukari, akayafunga kwenye vifuko vya nailoni, akayagandisha. Watoto wa shule walizipenda barafu zake. Walikuja asubuhi, mchana na jioni. Mlango wa friji ulifunguliwa na kufungwa kutwa nzima. Barafu zilipochelewa kuganda, Hyasinta alikizungusha kitufe cha baridi. Kilikuwa na namba moja hadi saba. Alikipeleka kwenye saba na kukiacha hapo.

*

Mwezi huo Esta alianza kunywa maji mengi. Alikunywa kikombe, akaongeza kingine, na kiu haikuisha. Aliamka usiku mara kwa mara kwenda chooni. Sketi ya shule ilianza kumlegea kiunoni.

Nyumbani walikuwa na dawa ya bluu ya kupimia mkojo. Ukiichemsha pamoja na mkojo, rangi hubadilika kama kuna sukari. Esta alipima. Rangi ikawa nyekundu kama tofali.

"Unachoma sindano vizuri?" mama yake aliuliza.

"Nachoma, mama. Si unaniona?"

Renatus alikuwa ameketi mlangoni. Alizitazama barafu za ukwaju zilizokuwa zikitolewa kwenye friza.

"Mtoto anaziibaga hizi," alisema. "Tunampa dawa kwa mkono huu, anakula sukari kwa mkono ule."

"Baba, sijala hata moja!"

"Basi sukari hiyo imetoka wapi?"

Kesho yake Renatus alileta mnyororo na kufuli. Akaifunga friji. Ufunguo akampa Hyasinta. Esta aliona aibu. Kila mtoto aliyekuja kununua barafu aliuona mnyororo ule na kuuliza sababu.

Lakini kiu haikupungua. Iliongezeka. Siku moja, darasani, Esta alitapika. Alihema haraka haraka. Pumzi yake ilinukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Mwalimu alimbeba kwa baiskeli hadi hospitali.

"Sukari imepanda vibaya sana," daktari aliwaambia wazazi. "Mngechelewa kidogo, mngempoteza."

Walimtundikia maji na kumpa insulini ya hospitali. Kiu ikatulia. Siku chache baadaye Esta aliketi kitandani akaomba uji. Alirudishwa nyumbani na chupa mpya ya dawa.

*

Jirani yao mmoja aliitwa Dorkas. Alikuwa nesi kwenye kliniki ya mama na mtoto. Kazi yake mojawapo ilikuwa kutunza chanjo. Jioni hiyo alikuja kumjulia hali Esta.

"Shikamoo, nesi," Esta alisema.

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Umepata nafuu?"

"Nimepata. Lakini kuna kitu sikielewi."

"Kitu gani?"

Esta alikaa vizuri. "Dawa ilipokuwa kwenye chungu, nilikuwa mzima. Ilipohamia kwenye friji, nikaanza kuumwa. Baba akafunga friji, nikazidi kuumwa. Hospitali wakanichoma dawa ya aina ileile, nikapona. Sasa kama ni barafu nilikuwa naiba, mbona niliumwa zaidi baada ya kufuli?"

Renatus alikuwa akichonga kasia uani. Mkono wake ukasimama.

Dorkas akamgeukia Hyasinta. "Mama Esta, hebu nionyeshe mnapoweka dawa."

Hyasinta alifungua kufuli. Dorkas akainama na kutazama ndani. Friza ilikuwa imezungukwa na barafu nene, nyeupe kama pamba. Chupa ya zamani ilikuwa chini yake, na kitako chake kilikuwa kimeshikana na rafu. Ilibidi aivute.

"Mnaiweka hapa siku zote?"

"Ndiyo, dada. Nilikuwaga nadhani hapo ndipo pazuri. Pana baridi zaidi."

"Lete na ile mpya ya hospitali, kabla hujaiweka humu."

Dorkas aliiacha ile ya zamani mezani mpaka ikapoteza baridi. Kisha akaziviringisha chupa zote mbili polepole kati ya viganja vyake. Hakuzitikisa kwa nguvu. Akaziweka mezani pamoja.

"Esta, tazama. Niambie unachokiona."

Esta alisogea mpaka pua ikakaribia meza. Chupa mpya ilikuwa nyeupe sawasawa, kama maziwa. Chupa ya zamani ilikuwa na chembechembe. Nyingine zilinata kwenye kioo. Baada ya muda chembe zilishuka chini, na juu yakabaki maji maangavu.

"Hii imekatika kama maziwa mabovu," Esta alisema.

"Ndivyo. Chanjo ya pepopunda nayo huwa hivi ikiganda. Kliniki tunazipima kwa njia hii. Dawa hii iliganda usiku, ikayeyuka mlango ulipofunguliwa, ikaganda tena. Ilikwisha kufa. Ulikuwa unajichoma maji tu."

Hyasinta alikaa chini kwenye mkeka.

"Niliiua mimi," alisema. "Kwa kuitunza."

"Usiseme hivyo, mama Esta. Nani alikuwa amekwambia? Joto linaiharibu dawa hii taratibu. Kuganda kunaiua mara moja, na ukiiyeyusha haifufuki. Hata ionekane nzuri, ikishaganda itupe. Na kesho umweleze daktari yaliyotokea."

Renatus aliingia ndani. Alisimama karibu na mwanawe akiwa bado ameshika kasia.

"Esta, nilikusingizia," alisema. "Tena mbele ya watu. Nisamehe."

Esta aliitikia kwa kichwa, kisha akalia. Renatus akauchukua ule mnyororo, akaupeleka karakana.

*

Jumamosi Dorkas alirudi. Alikuwa ameazima kipimajoto cha akiba kutoka kliniki. Esta alikuwa akimsubiri kwa maswali.

"Nesi, baridi inatoka wapi?"

"Peleka mkono nyuma ya friji."

Esta alipitisha mkono nyuma ya kitambaa. Akautoa haraka. "Ni moto!"

"Friji haitengenezi baridi," Dorkas alisema. "Inahamisha joto. Inalichukua ndani na kulitupa nje, huko nyuma."

"Inalichukuaje?"

"Fikiria paja lako. Asubuhi ukipaka spiriti kabla ya sindano, unasikiaje?"

"Baridi."

"Mbona chupa ya spiriti siyo ya baridi?"

Esta akafikiri. "Inakuwa baridi ikianza kukauka."

"Hapo sasa! Kitu cha majimaji kikikauka na kuwa hewa, kinahitaji joto. Kinalichukua kwenye ngozi yako. Kile chungu chenu kilifanya hivyohivyo. Maji ya kwenye mchanga yalikauka na kuondoka na joto. Ndani ya mabomba ya friji mna gesi. Inafika kwenye friza ikiwa ya majimaji, halafu inachemka bila moto na kuwa hewa. Inachukua joto la friza, na friza inabaki ya baridi."

"Halafu ile hewa inakwenda wapi?"

"Unaisikia ile sauti chini, nguu-nguu-nguu? Hiyo ni kompresa. Inaivuta ile gesi na kuibana. Umewahi kujaza upepo baiskeli?"

"Pampu inakuwaga ya moto," Renatus akadakia. Alikuwa amesogea bila kuitwa.

"Umeona, baba Esta? Gesi ikibanwa inapata moto. Inapita kwenye haya mabomba ya nyuma, inatoa joto, inapoa, inarudi kuwa ya majimaji. Kisha inapita kwenye kijibomba chembamba na kuingia friza tena. Safari haiishi."

Renatus aliitazama friji yake kama mtu anayetazama mtumbwi wa fundi mwingine. "Sasa mabomba ya nyuma yakikosa hewa, joto litatokaje?"

"Halitoki. Ninyi mmeyabana ukutani na kuyavika nguo."

Hyasinta akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Akakivuta kitambaa chake. Renatus aliisogeza friji mbele mpaka mkono wake ukapita vizuri nyuma yake.

"Na aliyeiunda naye ana makosa," Dorkas aliendelea. "Tazameni. Baridi yote inatoka kwenye friza hii moja. Aliye karibu nayo anaganda, aliye mbali anapata kidogo. Halafu kitufe ni kimoja. Ukitaka barafu zigande haraka, unaizidishia baridi rafu nzima ya juu. Huwezi kuiambia friji, 'Gandisha ukwaju, uiache dawa.'"

"Na hizi namba?" Hyasinta aliuliza. "Saba siyo kipimo cha baridi?"

"Hapana. Saba inasema tu, 'Ipoe zaidi.' Haikuambii rafu yako ina baridi kiasi gani. Ndiyo maana nimeleta hiki."

Esta aliweka vikombe vya maji sehemu mbalimbali za friji. Walisubiri mpaka mchana, kisha wakapima kimoja kimoja. Maji ya chini ya friza yalikuwa na utando wa barafu. Ya rafu ya chini yalikuwa nyuzi tano. Kikombe cha mlangoni kilikuwa nyuzi kumi na mbili.

"Friji moja, hali ya hewa tatu!" Esta alisema.

"Dawa yako inataka kati ya nyuzi mbili na nane," Dorkas alisema. "Wewe ungeiweka wapi?"

Esta alionyesha rafu ya chini, katikati, mbali na ukuta wa nyuma.

"Kwa nini siyo mlangoni?"

"Mlango ukifunguliwa, joto linaingia hapo kwanza."

"Na baridi inatoka. Hewa ya baridi ni nzito. Ukifungua mlango huu, inamwagika miguuni kama maji. Hilo nalo ni kosa la muundo. Sanduku linalofunguka juu lingeishika baridi yake."

Renatus aliinama na kuweka kiganja karibu na sakafu. Akamwambia mkewe afungue mlango. Alitabasamu. "Kweli. Inamwagika."

Kisha akaitazama ile barafu nene ya friza. Akatoka na kurudi na nyundo na patasi.

"Baba Esta, simama!" Dorkas alipaza sauti. "Mabomba ya gesi yamo humohumo kwenye friza. Ukitoboa, friji imekufa."

"Nami nilitaka kusaidia."

"Chomoa waya kwenye umeme kwanza. Toa vitu vyote. Weka bakuli la maji ya moto ndani ya friza, acha mlango wazi. Barafu hii ni kama blanketi. Ikizidi unene, baridi haipiti, na kompresa inahangaika bure."

Walifanya hivyo. Chupa ya dawa ikapumzika kwenye chungu chake cha zamani. Alasiri vipande vya barafu vilianza kuanguka vyenyewe. Esta alivipokea kwa karai, akicheka kila kilipodondoka.

Walipoiwasha tena, Hyasinta aliweka kitufe kwenye namba tatu. Walipima tena, na kesho yake wakapima tena, mpaka wakaridhika kwamba rafu ya chini haigandi.

"Lakini barafu zangu zitachelewa," Hyasinta alisema.

"Zitachelewa," Dorkas alikubali. "Huwezi kuvipata vyote kwa kitufe kimoja. Chagua."

Hyasinta hakuwaza sana. Alianza kutengeneza barafu chache. Aliziweka jioni, zikaganda mpaka asubuhi. Kabla ya mapumziko ya shule alizitoa zote kwa pamoja na kuzifunga kwenye ndoo yenye magunia. Watoto walinunulia kwenye ndoo, na mlango wa friji ukatulia.

Umeme ulipokatika, hawakufungua friji ovyo. Ulipochelewa sana kurudi, waliirudisha chupa kwenye chungu.

*

Esta alinenepa tena. Alipopima mkojo, rangi ilibaki bluu. Muhula uliofuata alichaguliwa timu ya netiboli ya shule. Mashindano yalikuwa Bunda, na wachezaji walipaswa kulala huko.

Hyasinta hakutaka. "Nani atamwangalizia dawa?"

"Mimi mwenyewe," Esta alisema.

Mwishowe Hyasinta akaifunga chupa kwa kitambaa, pamoja na bomba la sindano na pamba, akampa.

Huko Bunda, Esta na mwenzake walipangiwa nyumba ya mama mmoja mkarimu aliyeitwa Wegesa. Mumewe alikuwa mnunuzi wa pamba, na sebuleni kwao kulikuwa na friji kubwa.

"Lete dawa yako, mwanangu, nikuwekee pazuri," Mama Wegesa alisema. Akaichukua chupa na kuiingiza juu kabisa, ndani ya friza, kati ya mapande ya nyama.

Esta alikuwa mgeni, tena mtoto. Mwenzake alimkanyaga mguu ili anyamaze.

"Mama, samahani," Esta alisema. "Asante kwa kunitunzia. Lakini dawa hii ikiganda inakufa. Nami nitaumwa. Naomba niiweke rafu ya chini."

Mama Wegesa alishangaa. Kisha akaitoa chupa upesi, akaishika kwa mikono miwili. "Inakufa? Kwa baridi? Mimi ningejuaje! Iweke unapotaka, mwanangu."

Esta akaiviringisha viganjani. Ilikuwa bado nyeupe sawasawa. Akaiweka rafu ya chini, katikati.

"Nani amekufundisha mambo ya friji?" Mama Wegesa aliuliza.

"Nesi jirani yetu."

"Basi niambie na mimi. Kila siku maji yanajaa humu chini, kila siku napangusa. Fundi ameniambia ninunue nyingine. Maji haya yanatoka wapi?"

Esta aliinama. Chini ya droo ya mboga palikuwa na dimbwi dogo.

"Hilo sijui, mama," alisema. "Lakini tuangalie."

Mama Wegesa alichomoa waya, akafunga khanga vizuri, akapiga magoti kando yake. Waliondoa droo. Waligusa ukuta wa nyuma, juu mpaka chini, kwa vidole. Chini kabisa Esta akasikia kitundu kidogo. Kilikuwa kimezibwa na jani la mchicha lililooza. Alilivuta kwa njiti ya ufagio.

Maji yakazunguka kidogo pale kwenye kitundu, yakatoa sauti ya kunywewa, yakaondoka yote.

"Ala!" Mama Wegesa akapiga makofi. "Kumbe ina mdomo!"

"Na maji yanakwenda wapi?" mwenzake Esta aliuliza kutoka nyuma yao.

Wote watatu wakainuka na kwenda kuchungulia nyuma ya friji. Juu ya kompresa palikuwa na kibakuli, na maji yalikuwa yakidondokea humo tone kwa tone.